Germana Tluway na Jina Lililotakiwa Kufutwa

Germana Tluway Amnaay, Mama Thomasi. Binti wa Tluway Amnaay aliyeshuka kwa miguu kutoka Kainam hadi Rhotia na jembe moja na mbuzi majike wawili, akafyeka mahali ambapo wenzake walisema nyati hawatamruhusu, na akavuna. Mjukuu wa Amnaay Hhawu aliyembeba mtoto wa jirani mgongoni siku nzima hadi hospitali ya Mbulu, na mtoto yule leo ana wajukuu. Mama yake ni Blandina Qwaray, aliyezaa tisa na wote tisa wakafika utu uzima, jambo ambalo miaka ile mwanamke alikuwa na haki ya kulitaja mbele ya kanisa zima. Huo ndio ukoo. Yeye mwenyewe nitamweleza kwa jambo moja: kwa ninavyojua mimi, alikuwa mtu wa kwanza hapa Karatu kuiamrisha kompyuta ifute, na wa kwanza kukataa kuiamrisha.

Mimi ni wifi yake, nimeolewa na kaka yake. Nilikuwa nikipika chai na kufagia katika ofisi ileile aliyofanyia kazi, kwa hiyo ya ofisini niliyaona, na ya nje nilisimuliwa na waliokuwapo. Niliishia darasa la nne, ila kichwa changu hakijawahi kuniangusha.

Germana alisoma hadi la nane. Baada ya hapo Sista Cresensia alimfundisha kupiga taipu kule Mbulu, kwenye mashine ambayo vitufe vyake vilibandikwa karatasi ili wasichana wasichungulie herufi. Ukikosea neno moja, unarudia ukurasa. Alirudi Karatu vidole vyake vinaona. Mwaka 1975, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, aliletewa majina ya kaya za upande wetu ayapige chapa. Karatasi ilikuwa na kaya mia na kumi na mbili. Akafumba macho, akazitaja njia kwa njia, kilima kwa kilima, akasema zinapungua mbili. Aliyeleta karatasi akamwambia apige kilichoandikwa. Germana akafunga kanga ya pili, akaenda kwa miguu hadi Ganako, akarudi na majina mawili. Wapo watu waliopata kiwanja kwa sababu ya miguu yake.

Nasema haya ili ujue kwamba kompyuta ilimkuta hivyohivyo. Haikumtengeneza.

Ilikuja mwaka 1986 pamoja na mradi wa kuchanja ndama dhidi ya ndigana, homa inayoletwa na kupe. Mradi ule ulikuwa ukitembea kuanzia kwa wakulima wa Mbulumbulu hadi kwenye maboma ya wafugaji ndani ya Ngorongoro. Ofisi ilikuwa nyumba ya bati hapa Karatu, wakati Karatu bado ni sehemu ya Wilaya ya Mbulu, barabara ni udongo mwekundu, mvua ikinyesha gari linakwenda kwa ubavu. Mkuu wa ofisi alikuwa Bwana Josephati, mtu wa kaunda suti na kalamu tatu mfukoni. Karani alikuwa Piusi. Daktari wa mifugo alikuwa Mdenishi, tukimwita Daktari Ndevu. Na mchanjaji alikuwa Saruni, Mmaasai wa Nainokanoka aliyesoma hadi la saba, mtu wa kicheko, anaingia ofisini na fimbo yake na kuisimamisha pembeni ya printa kana kwamba ndiyo mahali pake.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala. Kioo cheusi, herufi za kijani. Hakukuwa na picha wala kile kipanya ambacho wajukuu wangu hushika siku hizi. Palikuwa na alama moja inayopepesa ikikungoja. Unaandika amri, unabonyeza kitufe, inatenda. Usipojua amri, mtatazamana hadi jenereta imalize mafuta.

Daktari Ndevu alimfundisha Germana wiki tatu. Akamweleza kwamba ndani ya mashine kuna mafaili, na mafaili hukaa ndani ya kitu kinachoitwa dairektori. Germana akamsikiliza, kisha akasema, "Daktari, hilo ni boma, na hizo ni nyumba za ndani ya boma." Daktari akafikiri, akacheka, akasema ni hivyo hasa. Na ikawa hivyo kweli, maana katika orodha zetu kila mzee mwenye mifugo alikuwa na boma lake ndani ya kompyuta kwa jina lake, na ndani yake kila mke alikuwa na faili la ndama wa nyumba yake, namba kwa namba, kama zilivyoandikwa kwenye hereni za njano tulizowavika masikioni.

Kufuta ndiyo amri aliyojifunza kwa uchungu. Mwezi wa tatu tu tangu mashine ifike, alitaka kusafisha barua za zamani. Ukitaka kufuta kimoja unaandika DEL na jina lake. Ukitaka kufuta vyote vya boma unaandika DEL, kisha nyota, nukta, nyota. Mashine inakuuliza kwa Kiingereza kama una hakika, unajibu Y au N. Germana akaandika, akaulizwa, akajibu Y kwa haraka ya mtu anayejua kazi. Kumbe hakuwa ndani ya boma la barua za zamani. Alikuwa ndani ya boma la barua za mwaka ule. Arobaini na moja zikaondoka bila hata mlio.

Nilikuwa nimesimama na birika. Nilimwona anashusha mikono mapajani.

"Wifi, kuna nini?"

"Nimefyeka shamba la mwenzangu," akasema. "Nilikuwa sijauliza niko wapi."

Daktari Ndevu alikuwa Loliondo. Aliporudi, Germana alimpokea mlangoni, akamwambia kabla hajashusha begi. Kisha akatoa nakala za kaboni, akazipiga upya zote, wiki tatu, bila kuomba Piusi amsaidie hata moja. Tangu siku hiyo hakufuta kitu bila kuiuliza mashine kwanza yuko boma gani, na bila kuandika DIR ili aone humo ndani kuna nani na wako wangapi. Piusi alimtania.

"Mama Thomasi, unapiga hodi hata kwenye mashine?"

"Ninapiga hodi hasa pale ambapo hakuna wa kunikemea," akajibu.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka 1988.

Alikuwapo mzee wa Nainokanoka aitwaye Olais. Mimi naandika jina lake kwa sababu sisi Wairaqw hatukatazwi, na familia yake imeniruhusu baada ya miaka yote hii. Lakini kwa Wamaasai, mtu akifa jina lake halitajwi tena mbele ya watu wake. Wanazunguka, wanasema baba wa fulani, au wanakaa kimya. Kulitamka ni kama kumburuta mtu kutoka alikokwenda.

Mzee Olais alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Nareyu, mdogo ni Nosim. Wakati wa ukame aligawa ng'ombe wake: wa Nareyu wakabaki Nainokanoka, wa Nosim wakapelekwa Endulen, kwa mdogo wake aitwaye Lengai, mahali penye nyasi. Huko wakazaa. Wachanjaji wetu walipofika Endulen waliwavika wale ndama hereni, na Saruni, anayejua kila ng'ombe ni binti wa nani, akawaandikisha katika nyumba ya Nosim, ingawa walikuwa wamesimama kwenye zizi la Lengai. Kumi na tisa.

Mzee Olais akafa mwanzoni mwa mwaka. Nosim alikuwa na watoto watatu, na wa kiume alikuwa bado ananyonya. Kwa desturi yao ng'ombe wa nyumba ya mama ndio urithi wa mtoto wake wa kiume. Nosim akatuma watu Endulen kuchukua ng'ombe wake. Lengai akatoa ng'ombe wakubwa, ndama akakataa. Akasema wamezaliwa kwake, wamekula nyasi zake na kulindwa na wanawe. Wazee wakapanga kukaa siku ya Jumamosi. Wengine walisema namba za hereni zisomwe. Lengai akasema sawa, lakini hataki karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Mkono una ndugu," akasema. "Niletee ile inayotoka kwenye mashine. Mashine haina ndugu."

Wakati huo kumi na tisa wale walikuwa wamelala ndani ya sanduku letu, katika faili liitwalo NOSIM, ndani ya boma liitwalo OLAIS.

Wiki mbili kabla ya kikao hicho, Piusi alifanya kosa. Siku ya chanjo Nainokanoka alisimama juu ya bonde la nyasi mbele ya ile njia ya miti wanamopita ng'ombe mmoja mmoja, akafungua orodha iliyotoka kwenye printa, akaita wenye mifugo kwa sauti ya mnada: "Olais! Olais yuko wapi? Alete ndama wake!"

Saruni alinisimulia yaliyofuata. Nareyu alijifunika uso kwa shuka. Vijana wakageuza makundi, wakaondoka na ndama mia mbili bila chanjo, na wazee wakatuma neno: hatutaleta mnyama hata mmoja mpaka jina lile litoke kwenye karatasi zenu na kwenye mashine yenu. Alhamisi mtakaporudi, Saruni atuambie kwa kinywa chake kwamba limetoka.

Jumatatu ya wiki ya kikao Saruni alikuja na Nosim. Mama mwembamba, mtoto mgongoni, macho hayachezi. Nilimpa chai, akakishika kikombe bila kunywa. Germana akavuta kiti karibu yake, Saruni akitafsiri.

"Jina nitalitoa," Germana akasema. "Lakini watoto na ng'ombe lazima wabaki na jina la boma. Tuite nani?"

Nilidhani Nosim atasema jina la mwanawe. Mtu mwenye shida angesema hivyo. Akasema, "Andika Yohana. Ni mtoto wa kwanza wa Nareyu. Ndiye mkubwa wa boma."

Saruni akamtazama. "Yeyo," akamwita, yaani mama kwa Kimaasai, "una hakika?"

"Boma lina mlango mmoja," Nosim akasema. "Ndama wangu wataingia kwa mlango huo." Kisha akamuuliza Germana, kwa Kiswahili chake kidogo, "Wapo?"

"Wapo wote kumi na tisa. Njoo uwaone."

Akamwonyesha kwenye kioo. Nosim hakujua kusoma, lakini alizihesabu zile namba za kijani kwa kidole, mstari kwa mstari, akitaja rangi ya kila mmoja. Alipofika wa kumi na tisa akanywa chai.

Jumanne asubuhi tukawasha jenereta. Bwana Josephati alikuwa hana usingizi wa siku mbili, maana Alhamisi wafadhili walikuwa wanakuja kutazama chanjo na yeye hakuwa na ng'ombe wa kuwaonyesha. Akasimama nyuma ya kiti cha Germana.

"Mama Thomasi, jambo ni rahisi. Andika DEL, andika jina, bonyeza Y. Tumalize."

"Nikifanya hivyo kinafutika kila kilichomo bomani, na jina lenyewe linabaki."

"Basi badilisha jina."

"Faili linabadilishwa jina. Boma halibadilishwi, mashine hii haikubali. Nimejaribu jana mara nne. Lazima nijenge boma jipya, nihamishe nyumba zote, nihakikishe zimefika, ndipo nibomoe la zamani."

"Sawa, lakini kwa haraka. Mafuta yaliyomo ni ya saa mbili."

Na kulikuwa na shida nyingine. Disketi zetu zote za kuhifadhia nakala Daktari Ndevu alikuwa amezipeleka Arusha, na utepe wa printa ulikuwa umekauka; mpya ulikuwa unakuja na gari la Ijumaa. Kwa hiyo chochote kitakachofutika siku ile kilikuwa hakina pacha mahali popote duniani.

Germana akaandika MD na jina YOHANA. Boma jipya likasimama. Kisha akaandika COPY, nyota, nukta, nyota. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, moja moja, taratibu, taa nyekundu ya sanduku ikiwaka na kuzimika. Yakasimama. Kukatokea mistari miwili ya Kiingereza.

"Imenakili!" Bwana Josephati akapiga makofi. "Nimeona kwa macho yangu, imeandika imenakili. Haya, futa la zamani."

Saruni alikuwa mlangoni na fimbo yake. Piusi alikuwa kwenye meza yake akijifanya anachonga penseli.

Germana akaandika DIR kwa boma la zamani. Akahesabu mafaili kwa sauti. "Boma, chanjo, dawa, Nareyu, Nosim. Tano." Akaandika DIR kwa boma jipya. "Boma, chanjo, dawa, Nareyu." Akageuka. "Nne."

"Nne na tano ni tofauti gani?"

"Tofauti ni Nosim."

Saruni akaiacha fimbo, akaja karibu.

Germana akasoma ule mstari wa kwanza ambao Bwana Josephati hakuusoma. Ulisema nafasi imekwisha. Mashine ilikuwa imejaa, nyumba ya mwisho haikupata pa kuingia. Na ya mwisho ni ya mke mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeandikwa wa mwisho.

"Sasa tazama," Bwana Josephati akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo lakini haijashuka vya kutosha. "Ndama kumi na tisa wa mama mmoja, na kule ndama mia mbili hawana chanjo, na wageni wanakuja. Namba zile Piusi anaweza kuzinakili kwa mkono. Futa. Ni amri ya ofisi."

"Lengai hatakubali mkono, na wewe unajua. Ukifuta faili hili leo, Jumamosi mtoto wa Nosim hana kitu."

"Mama Thomasi, nani mkuu hapa?"

"Ni wewe, Bwana Josephati. Ndiyo maana nitakuachia kiti." Akainuka kweli, akakivuta kiti nyuma. "Nikiandika mimi, mashine itaniuliza kama nina hakika. Mimi sina. Kama wewe unayo, kaa ujibu."

Mwanaume yule akakitazama kile kiti kana kwamba kina miiba. Hakukaa. Saruni akasema kitu kwa Kimaasai, sikukielewa, lakini kilikuwa kifupi.

"Basi utafanyaje?" Bwana Josephati akauliza hatimaye. "Imejaa. Umesema mwenyewe imejaa."

"Nitatafuta cha kutoa." Germana akakaa tena, akaanza kupita boma kwa boma. Barua za mwaka ule: hapana. Orodha za Mbulumbulu: hapana. Bajeti: hapana. Kisha akafika kwenye boma liitwalo RIPOTI. Akaandika DIR. Ndani hamkuwa na ripoti. Mlikuwa na vitu sita vyenye majina ya ajabu, na kimoja kilikuwa kikubwa kuliko orodha zote za Nainokanoka zikiwekwa pamoja.

"Bwana Josephati," akasema bila kugeuka, "ripoti hii ni ya nini?"

"Hiyo ni... ni ya robo mwaka. Usiiguse."

"Ina kelele, ripoti hii. Mimi na wifi yangu tunaisikia kila siku saa saba mchana, mlango umefungwa. Inapiga mabomu."

Niliweka birika chini maana nilikuwa nitalimwaga. Ulikuwa mchezo wa ndege za vita, alioachiwa na fundi mmoja kutoka Arusha. Tuliujua mwaka mzima. Wageni wakipiga hodi saa saba, Piusi alikuwa akiwaambia mkuu yuko kwenye ripoti, na ndani unasikia ndege inaanguka.

Piusi alivunja ncha ya penseli. Saruni, ambaye hakuwa anajua, aliuliza kwa upole, "Bwana mkubwa, na wewe unaangusha ngapi kwa siku?"

"Saruni!"

"Nauliza tu. Mimi nachanja ndama themanini kwa siku."

Ndipo Bwana Josephati alipocheka. Nitamsifu kwa hilo, wapo wakuu ambao wangefukuza watu. Alicheka huku ameshika uso, akasema, "Nilikuwa nimefika hatua ya kumi na moja."

"Pole sana," Germana akasema. Akauliza mashine yuko boma gani, ikamjibu RIPOTI. Akaandika DEL, nyota, nukta, nyota. Mashine ikauliza. Germana akaondoa mkono kwenye kibodi. "Hapa sasa ndipo anahitajika mwenye hakika."

Bwana Josephati akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza Y mwenyewe.

Akanakili tena. Faili la Nosim likaingia. Akaandika DIR kwa boma la zamani: tano. DIR kwa jipya: tano. Hakuishia hapo. Akalifungua faili la Nosim lililo kwenye boma jipya, akamwita Saruni, akamsomea namba zote kumi na tisa, Saruni akisema "ndiyo" kwa kila moja. Jenereta ilikuwa imeanza kukohoa. Bwana Josephati alitoka nje mwenyewe na kaunda suti yake, akamimina lita ya mwisho ya dizeli.

Kisha Germana akasema, "Saruni, geuka ukutani kama unapenda. Nitaandika herufi zake."

Saruni akageuka. Germana akafuta zile nyumba tano za zamani, na ilipomuuliza kama ana hakika akabonyeza Y bila kusita. Akaandika RD na lile jina, herufi tano, amri ya kuondoa boma lililobaki tupu. Akaandika DIR mara ya mwisho.

"Limetoka?" Saruni akauliza, bado anatazama ukuta.

"Limetoka. Geuka uone."

Alhamisi Piusi alikwenda Nainokanoka na orodha aliyoinakili kwa mkono kutoka kwenye kioo. Kabla hajaita mtu, Saruni aliwaambia wazee kwa kinywa chake. Piusi akaita "Boma la Yohana," kwa sauti ndogo mno mpaka wakamwambia aongeze. Ndama mia mbili na kumi wakachanjwa, na wageni wakapiga picha.

Kikao cha Jumamosi nacho sikwenda. Naandika alivyonieleza Germana, aliyepanda Landrova na karatasi kifuani. Ilikuwa karatasi ndefu yenye vitobo pembeni, imetoka kwenye printa Ijumaa jioni kwa utepe mpya, nyeusi tititi. Saruni akaisoma. Juu iliandikwa YOHANA, chini NOSIM, chini namba. Wazee hawakuamini kusikia tu. Wakaagiza ndama wa Endulen, waliokuwa wameswagwa hadi Nainokanoka tangu juzi, waletwe, wakashikwa mmoja mmoja, sikio likageuzwa, namba ikasomwa. Nosim alisimama pembeni, na kila ndama alipoingia alitaja rangi yake na mama yake kabla Saruni hajaisoma namba. Hakukosea hata mmoja.

Walipofika kumi na tisa Lengai aliwaambia waache. Alikuwa mtu mkali, lakini alikuwa amelitoa neno lake mwenyewe kuhusu mashine, na hakulirudisha. Aliwaswaga ndama wale kwa mkono wake hadi kwenye zizi la Nareyu, akaingia nao kwa mlango wa boma. Nosim akampa maziwa kwenye kibuyu, akanywa.

Jumatatu Saruni alikuja ofisini, akasimamisha fimbo pembeni ya printa. Alikuwa na majina ya wazee watatu wengine, wa Endulen na Irkeepusi, waliofariki mwaka ule. Hakuyataja. Alikuwa ameyaandika kwenye karatasi ya majani ya chai, ameikunja mara nne, na chini ya kila moja jina la mtoto mkubwa wa boma.

"Mama Thomasi, hawa nao watolewe kabla ya chanjo ijayo."

Germana akaikunjua ile karatasi, akaisoma, akairudisha mkononi mwake.

"Mimi nitajuaje ni nani amekufa Irkeepusi?" akasema. "Utakuja kila mara na karatasi, siku moja karatasi italowa, na mimi nitafuta boma la mtu aliye hai. Anayejua ndiye afute."

"Mama, vidole vyangu ni vya sindano."

"Sindano unaichoma kwenye shingo ya ndama anayerukaruka. Kitufe hakiruki. Wifi, mletee Saruni chai, atakaa muda mrefu." Akainuka, akakifuta kiti kwa upande wa kanga, akamwonyesha. "Kuanzia leo boma la marehemu linatolewa na wewe peke yako, si mimi wala Piusi wala Bwana Josephati. Nimeshamwambia, amekubali. Keti. Anza na huyu wa Irkeepusi, ana nyumba saba."